Joka la Chini na Mabuti ya Baba Kabula

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya gulio pale Kharumwa, baba mmoja alipokuja kwenye meza yangu ya vitabu akiwa pekupeku. Nilikuwa kijana, kidato cha nne nimekimaliza karibuni, na nilijiona najua kila kitu kuhusu vitabu. Nilikuwa na hadithi moja niliyoipenda kupita kiasi, ya joka linaloishi chini ya ardhi na kumeza watu wanaolifuata huko. Yeyote aliyeniomba hadithi ya maajabu, mtoto au mtu mzima, nilimpa hiyo hiyo.

Baba huyo alikuwa mchimbaji wa dhahabu. Binti yake Kabula, wa darasa la tatu, alikuwa ameichukua hadithi hiyo kwangu gulio lililopita.

"Shikamoo, baba Kabula," nilisema. "Mabuti yamekwenda wapi?"

"Marahaba. Yako chooni. Kabula ameyatumbukiza ili nisishuke duarani, kule shimoni tunakochimba."

Wauza dagaa wa meza ya jirani walicheka. Nami nilicheka, kisha nikaona yeye mwenyewe hacheki. Alisema mtoto aliishia katikati ya kitabu, na sasa halali. Kila akisinzia anamwita baba yake apande juu.

"Lakini ni hadithi ya kubuni tu," nilijitetea.

"Kwako wewe. Kwake, mimi ndiye ninayeshuka huko kila asubuhi. Ulimuuliza baba yake anafanya kazi gani?"

Sikumuuliza. Niliangalia tu kama anajua kusoma.

Jioni nilikwenda kwao na hadithi nyingine, ya mbuzi mwenye mabawa. Kabula alijificha nyuma ya bibi yake, na tangu hapo hakupokea tena kitabu mkononi mwangu. Hilo linaniuma hadi leo, maana mtoto yule alipenda kusoma kuliko mimi.

Bibi ndiye aliyeniambia nikae, nimsomee lile joka. Mume wake alifukiwa shimoni zamani, na mwili haukupatikana. Nilipofika pale joka linapouawa, alininyamazisha kwa mkono.

"Rudia hapo," akasema.

Kwa hiyo mwanangu, ukiombwa hadithi ya maajabu, usikimbilie ile unayoipenda wewe. Umri wa msomaji utakuambia maneno yawe magumu kiasi gani, lakini hautakuambia anaogopa nini. Uliza. Mdogo mpe nchi ya ajabu yenye njia ya kurudi nyumbani, na usome naye mpaka mwisho. Kijana mwache apotee humo kidogo; atatoka na maswali, nawe usiyakimbie. Na mzee usimruke ukidhani amepita umri wa majoka. Huenda ndiye aliyesubiri miaka mingi kuona moja likiuawa.

Mungu akupe macho ya kumwona mtu kabla ya kumpa kitabu. Na kila anayeshuka chini asubuhi, jioni mtoto wake asikie mabuti yake mlangoni.