Mwanamke Aliyeomba Nimtwike

Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Asiyetaka kuamini asiamini, lakini asije kunicheka mbele yangu.

Tulikwenda kuokota kuni, mimi na wifi yangu Biubwa, kwenye msitu wa nyuma ya kijiji cha Kanga, ule unaoelekea Bweni. Naujua kama uani kwangu. Naingia humo tangu sijavunja ungo. Siku hizi wenye majiko ya gesi hawaendi, wanasema moshi unawaumiza macho. Wali wa gesi una ladha gani? Haya, tuyaache.

Tulikuwa tunarudi, adhuhuri imeshapita. Njiani kakaa mwanamke, mzigo mkubwa wa kuni mbele yake. Tukamtolea salamu, hakuitikia. Akasema tu, "Nitwike."

Biubwa akaninong'oneza, "Wifi, twende zetu. Mtu hajibu salamu, wa kumtwika nini?"

"Kwani atajitwika mwenyewe? Una roho ya mawe wewe."

Nikautua wangu, nikamnyanyulia wake. Mwepesi kama sufi. Akanitazama, kisha akauinua mzigo wangu kwa mkono mmoja. "Na mimi nikutwike."

Ndiyo desturi yetu, ukimtwika mtu naye hukutwika. Ningekataaje?

Ulipokaa kichwani, wallahi, shingo ilitaka kuvunjika. Na ni kuni zile zile nilizotoka nazo huko ndani. Nikataka kuutupa, mikono ikagoma. Miguu nayo ikaanza kumfuata yule mwanamke, kusiko na njia.

"Wifi, siwezi kuutua," nikasema.

Yule akajibu bila kugeuka, "Utautua kwangu."

Biubwa akaja mbio na panga, akaikata kamba. Kuni zikamwagika. Hapo yule akageuka, na uso alionao sitausema. Akamwambia Biubwa, "Umemsaidia? Basi mtabeba wote wawili." Akaingia mitini, hata jani halikutikisika.

Mpaka leo uzito ule tunao. Dawa tumekunywa, visomo tumesomewa. Siku nyingine naamka shingo nyepesi kabisa. Mnadhani nafurahi? Nampigia simu Biubwa, naye huchelewa kupokea, maana siku hiyo hawezi hata kuinua kichwa kitandani.

Basi wewe unayekwenda msituni, usiyemjua akitaka kukutwika, mwachie kuni zako zote. Rudi mikono mitupu, ulale na njaa.