Fundi wa Rubani

Mimi si mlevi, na siku hiyo nilikuwa na akili zangu zote. Ukitaka kucheka, cheka. Haya yalinipata mchana, jua likiwaka.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Basotu. Kwa miaka tisa nilifundisha kitabu cha Mwingereza mmoja, mwandishi maarufu, aliyekuwa rubani wa ndege za kivita kwenye vita ya Hitler. Anasimulia ndege yake ilivyoanguka jangwani, akavunjika mguu, akajikokota peke yake siku mbili mpaka akaokolewa. Nilimpenda yule mtu. Wanafunzi niliwakaririsha ukurasa ule.

Siku hiyo nilikata njia katikati ya mashamba ya ngano. Akatokea kijana mwenye koti la jeshi, ananuka petroli. Hakuniamkia, nikamwona hana adabu. Ningejua ni nani alistahili kumwamkia mwenzake!

"Mwalimu, kitabu chako kina habari za rubani wangu. Mimi sikusoma. Nisomee pale ndege ilipoanguka."

Kitabu kilikuwa ndani ya mkoba. Alikijuaje? Hata hivyo nilikitoa nikamsomea, nikitafsiri polepole.

Nilipomaliza akauliza, "Na mimi nimeandikwa wapi?"

"Wewe ni nani?"

"Fundi wa ndege yake. Niliona moshi, nikamfuata kwa miguu. Nilimbeba mgongoni siku mbili. Gari lililokuja lilikuwa na nafasi moja. Rubani akaniambia, kaa hapa, nitarudi. Soma tena, mwalimu, labda umeruka."

Nikasoma tena. "Peke yangu," ndivyo rubani alivyoandika. Nilitamani nimtungie japo sentensi moja, nikashindwa.

"Basi," alisema. Akaingia kwenye ngano, na hakuna bua hata moja lililoinama.

Baadaye nilimsimulia bibi mmoja wa kijiji cha Gendabi. Akauliza, "Kidole gumba cha kushoto alikuwa nacho?"

Hakuwa nacho.

"Ni baba yangu mdogo. Alikwenda vitani, hatukumwona tena."

Kitabu kile sijakigusa tangu hapo. Lakini wanafunzi wangu wa zamani, nikikutana nao mnadani, hunikariria ule ukurasa kwa furaha, na mimi huwaaga haraka nikaenda zangu. Kwa hiyo nakuonya: mwandishi umpendaye, chunguza kwanza alimwacha nani, kabla hujawapa watoto wa watu maneno yake.