Wimbo Niliomtafsiria Mgeni

Baada ya kaka kufa, mama alikuwa na wimbo mmoja tu, na mimi ndiye niliyeutafsiri kwa uongo.

Ilikuwa miaka ile ya dhahabu, vijana wa Tarime walipoacha mashamba na ng'ombe wakaenda kuchimba. Sisi tuliishi Turwa, upande wa mashambani. Baba alikuwa ameshafariki. Kaka alikuwa mkulima, mtu wa taratibu, asiyependa makelele. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na mdomo wangu haukuwa na breki. Jioni moja tukiwa tunakula nilimwambia, "Wenzako wanaezeka mabati, wewe unajivunia mihogo. Mwanamume gani anaogopa shimo?"

Mama alikuwa jikoni. Kaka alimaliza ugali wake, akanawa mikono, na baada ya wiki moja akaondoka.

Masika ilimkuta chini. Udongo ulibomoka, wakatolewa watu watatu, yeye wa mwisho. Walimleta amefungwa kwenye turubai. Kucha zake zilikuwa zimejaa tope la kijivu, na mama alikaa akilitoa kwa kijiti mpaka wanawake wakamshika mikono.

Baada ya matanga nilipata kazi Morotonga, karibu na Mugumu, kwenye hosteli ya kanisa. Nilifua mashuka, nikapika, na nikazungumza na wageni Kiingereza, maana wenzangu hawakukijua. Nilimchukua mama tukae wote kwenye chumba cha nyuma. Hakutaka kula. Kila asubuhi alikaa kwenye ngazi ya jikoni akichambua maharage na kuimba. Sauti tatu nne zilizoshuka, halafu kimya kama mtu anayesubiri kuitikiwa, halafu anaanza upya. Maneno yalikuwa ya Kikurya: "Aliyekutuma shimoni, mwanangu, asizikwe na mtoto wake."

Ni hayo tu, asubuhi hadi saa sita. Hakunitazama alipoyaimba. Nami nilipita na ndoo zangu nimeinamisha kichwa. Mimi sikujaliwa mtoto. Sisemi ni kwa sababu hiyo. Nasema tu sikujaliwa.

Mwaka huohuo akaja mama mmoja wa Kizungu, mpiga fidla. Alikuwa amekuja kuona wanyama mbugani, malaria ikamlaza hostelini wiki tatu. Alipoanza kupata nafuu alitoka barazani na fidla yake, akamkuta mama anaimba. Akasikiliza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Anaimba nini?"

Ningeweza kusema sijui. Wapishi wenzangu wawili walikuwa wamesimama pale, wote wanajua Kikurya, wote hawajui Kiingereza. Hakuna ambaye angenisahihisha.

"Ni wimbo wa kupona," nikasema. "Mtu akifiwa anauimba mpaka moyo upone."

Yule mgeni akafumba macho. "Nilijua," akasema. "Nilijua tu."

Tangu siku hiyo alikaa kila asubuhi ngazi moja chini ya mama. Aliifuata sauti yake kwa fidla, polepole, na mama aliponyamaza nyuzi zilibaki zikiitikia. Mwanzoni mama alishangaa.

"Huyu naye amefiwa?"

"Amefiwa na mume. Aliniambia mwenyewe."

"Mwambie pole."

Hiyo niliitafsiri sawasawa. Siku ya tatu mama alimaliza bakuli la uji. Wiki ya pili akaanza kulala usingizi wa kueleweka. Siwezi kulikana nililoliona: kitu kilikuwa kinamfungua mama, na kitu hicho kilikuwa ni laana yangu ikipigwa kwenye nyuzi. Nilifurahi kwamba anakula. Nilimchukia mgeni yule kwa sababu ndiye aliyemfanya ale.

Kabla ya kuondoka aliomba ruhusa ya kuirekodi sauti ya mama. Mama alikubali, kupitia mdomo wangu.

Miaka miwili baadaye kikaja kifurushi. Ndani mlikuwa na kanda, barua na picha ya watu wanne waliovaa nguo nyeusi, wamekaa na ala zao mbele ya umati. Mgeni aliandika kwamba ametunga muziki wa ala nne za nyuzi juu ya wimbo wa mama, na ameuita Kupona. Watu huulilia. Kuna hospitali zinazowapigia wagonjwa. Anamshukuru mama aliyemfundisha kufanya amani na kifo.

Niliiweka kanda kwenye redio ya jikoni, alasiri. Mwanzoni mama hakuona lolote la kumhusu, akaendelea kukata vitunguu. Kisha ile ala yenye sauti nzito ikaleta zile sauti zinazoshuka. Mama akaweka kisu chini. Alisikiliza mpaka mwisho, midomo ikicheza.

"Barua inasemaje?"

Nikamsomea.

"Kupona? Nani amepona?" Akanigeukia. "Wewe ulimwambia nini?"

Nikamwambia. Nilingoja kofi. Badala yake alicheka, kicheko kifupi, kikavu, ambacho sikuwahi kukisikia kwake.

"Kwa hiyo Wazungu wamevaa vizuri, wamekaa kwenye viti, wanakulaani bila kujua."

"Mama, ulijua ni mimi niliyemtuma?"

"Kati ya jiko na pale mlipokuwa mnakula kulikuwa na ukuta wa udongo tu. Nilisikia yote. Nilikula chakula chako nikakulaani asubuhi hiyohiyo. Ningekwenda wapi?"

"Na sasa?"

"Maharage yanaungua," akasema, akainuka.

Nilimwandikia mgeni ukweli wote. Jibu lilichukua miezi. Alisema alilia, alitafakari sana, lakini jina lilikuwa limeshachapishwa, na watu wengi walikuwa wamefarijika, yeye mwenyewe wa kwanza. Jina lingebaki lilivyo. Aliomba msamaha. Niliichana barua ile, si kwa kuwa ilikuwa na uongo. Niliichana kwa sababu yeye alikuwa amepona kweli, kwa tafsiri yangu ya uongo, na sisi tulioujua ukweli tulikuwa palepale. Kanda nilimpa mlinzi wa hosteli, akarekodi kwaya juu yake.

Mama hakuimba tena. Wapishi walinipongeza, wakasema mama yako sasa amepoa. Siku moja nilimuuliza mbona kimya. "Wimbo wanao Wazungu sasa," akasema. "Waimbe wao."

Aliishi miaka minane baada ya hapo. Nilimwogesha, nikamlisha, tukazungumza habari za mvua na za majirani. Nilimzika Turwa, kando ya kaka. Hakuwahi kuniambia kama amenisamehe, nami sikuuliza mara ya pili, kwa sababu niliogopa kwamba angenijibu.