Fundi wa Programu Asiyegusa Kompyuta

Fundi wa programu aliyeletwa hospitalini alikuwa na masikio ya kufunikia sufuria, haki ya nani, na mikono iliyolala mapajani. Mkaza mwanangu, karani wa mapokezi, alikaribia kufukuzwa kwa sababu mafaili ya wagonjwa yalimpotelea kwenye kompyuta. Fundi alikaa kando yake asubuhi nzima akimtazama, akisema tu, “Endelea, dada, nakufuata.”

Nikamuuliza kutoka benchi la wagonjwa, “Baba, unalipwa kukodoa macho?”

“Ndiyo, bibi, na ndiyo kazi ngumu.”

Saa sita akamwita mkubwa wa mapokezi. “Kitufe cha kufuta kimebanana na cha kuhifadhi. Hata mimi ningekosea.” Akamgeukia karani. “Wewe ungependa kikae wapi?”

Mkaza mwanangu, ambaye wiki nzima hakuinua uso, akanyoosha kidole. “Kule pembeni. Na kiwe chekundu.”