Nukta niliyoifuta pichani

Leo nimempoteza baba wa mtu kwa kipande cha pamba.

Bibi mmoja wa Mwananyamala kaniletea studio picha ya boti ya doria ya wakati wa vita, enzi za Mwingereza. Mabaharia kumi na mmoja, kofia zilezile, nyuso kama punje za mchele.

"Isafishe, mwanangu."

Juu ya kichwa kimoja palikuwa na nukta ya wino. Mie nikajua uchafu. Nikaifuta.

"Nukta iko wapi?" kauliza. "Mama aliiweka ili nimjue baba. Aliondoka nikiwa tumboni, hakurudi. Kila asubuhi namwamkia."

Jamani, si angeniambia mapema? Nyie mngejuaje?

Nikaikuza mara nane. Tukawatazama mmoja mmoja. Wapi!

Bibi akaiinua picha usoni, akasema taratibu:

"Shikamooni."