Ua Langu la Mugunga

Ua jekundu nililoling'oa kwenye mawe ya volkano, Mugunga, nililitunza kwangu Mabanga kama mgeni: udongo mwingi, maji asubuhi na jioni. Likaoza. Lakini nilishajisifu mno, na kina mama wa kwaya walikuwa wanakuja kuliona kabla ya kunikabidhi bustani ya kanisa. Nikakimbilia Mugunga, nikakata mengine, nikachomeka kila shina kwenye kiazi kibichi lisinyauke, nikafukia.

Walishangilia! Nami nikawafundisha malezi ya maua, bila haya.

Ndipo Mama Pasta akainama. "Mama Neema, unipe moja nikapande kwetu." Akavuta kabla sijamzuia.

Kikatoka kiazi.

Akakigeuzageuza, akaniuliza kwa upole: "Mama, hii maua yako, tunachemsha ao tunakaanga?"