Kochi Linalomeza Watu

Msusi huyu mtaa mzima ulimwita Chokochoko, na hakuna aliyemsingizia. Ukiketi kwenye kiti chake kusukwa, huinuki bila kuchekeshwa mpaka machozi, au kuchokozwa mpaka utamani kuondoka na nusu kichwa. Kwa hiyo sakata la kochi lilipoanza, majirani walijua kuna mtu atakiona cha moto. Hawakujua tu ni nani.

Kochi lenyewe lilinunuliwa kwa ajili ya mama mkwe. Mama alikuwa anakuja kukaa kwa mwanawe, na nyumba ilikuwa na chumba kimoja cha kulala na sebule. Dukani, Chokochoko alionyeshwa kochi la kijani: mchana unalikalia, ukivuta mkanda wa chini linakunjuka, tayari kitanda. Pesa taslimu hakuwa nayo.

"Ondoa shaka, dada," alisema muuzaji, bwana mmoja mwenye kitambi na maneno matamu. "Tuna kampuni ya mikopo tunayofanya nayo kazi. Wao wanatulipa sisi, wewe unawalipa wao kidogo kidogo."

Akatia saini palepale.

Mama mkwe alifika, akala, akashukuru, akajinyoosha kupumzika. Chokochoko alikuwa jikoni akisuuza vyombo aliposikia kishindo, halafu kimya, halafu sauti ya mtu anayelalamika kutoka ndani ya godoro. Alipokimbilia sebuleni alikuta kochi limejifunga lenyewe, na upande mmoja nyayo mbili za mama mkwe zinachungulia nje.

Walipomtoa, kilemba kilikuwa kimeshukia sikioni.

"Mwanangu," akamwambia Chokochoko, "kama hunitaki, si ungesema tu?"

Chokochoko aliapa kwa vyote anavyovijua, lakini mtu anayejulikana kwa utani ataaminiwa na nani? Jioni hiyo hata mumewe alimtazama kwa jicho la pembeni.

Kesho yake akaenda dukani. Muuzaji yuleyule safari hii hakuwa na maneno matamu. "Dada, sisi tumeshalipwa, kwetu biashara imeisha. Waone waliokukopesha." Kwenye kampuni ya mikopo, ofisa hata hakuinua macho kwenye simu yake. "Sisi tulitoa pesa, hatukutengeneza kochi. Rejesho lako lilipwe kama kawaida." Akarudi dukani, akarudishwa kwenye kampuni. Wakamfanya mpira.

Ndipo mteja wake mmoja akamwelekeza kwenye ofisi inayoshughulikia malalamiko ya wanunuzi. Alikuta mama mmoja mnene anatafuna karanga, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, ila kwenye zile nyayo alicheka hadi akapaliwa.

"Sikiliza, mdogo wangu," alisema alipopata pumzi. "Siku ya kukuuzia walikuja wameshikana mikono. Leo kitu kibovu ndiyo wanajifanya hawajuani? Walalamikie wote wawili, kwa maandishi. Na usikate marejesho kimyakimya, watakugeuzia kibao. Waambie wazi: napinga deni hili kwa sababu mlichoniuzia ni kibovu."

Akafanya hivyo. Jibu likaja kwamba kochi ni zima, mteja ndiye hajui kulitumia. Yule mama wa karanga akawaka, akawaita wote wakutane nyumbani kwa Chokochoko, walikague kwa macho yao.

Asubuhi ya siku hiyo mama mkwe alimvuta mkwewe pembeni. Bado alikuwa amenuna, lakini hasira yake kwa kochi ilikuwa kubwa zaidi. "Ukitulia halikufanyi kitu," alinong'ona. "Mimi lilinimeza nilipopiga chafya."

Chokochoko akatabasamu tabasamu ambalo wateja wake wanalijua.

Wageni walipofika, muuzaji hakusubiri kukaribishwa. Alilikunjua kochi, akavua viatu, akajilaza chali na mikono kifuani. Kochi likatulia tuli. "Mnaona?" alisema. "Ni kujua kutumia tu." Ofisa wa mikopo akaanza kukusanya karatasi zake aondoke.

"Kweli kaka, nimekosea," alisema Chokochoko kwa unyenyekevu. "Na siku ile ulinieleza vizuri sana." Akasukuma tumbo mbele, akaingiza vidole gumba kiunoni, akatembea sebuleni kwa mwendo wa muuzaji mwenyewe. "'Dada! Kochi hili si kochi, ni usingizi wenye miguu! Hata bubu akililalia anaota anaimba!'"

Wa kwanza kuangua kicheko alikuwa ofisa wa mikopo. Mama wa karanga akafuata. Muuzaji aliuma midomo, akajizuia, akashindwa. Kitambi kikatikisika mara moja, mara mbili, na springi zikaitikia: *pwaa!*

"Fungueni!" sauti ikatoka ndani ya godoro.

"Kaka, labda hujui kulitumia," alisema Chokochoko.

"Wewe ofisa, vuta huo mkanda!"

"Mimi nilitoa pesa tu," ofisa akajibu huku akifuta machozi, "sikutengeneza kochi." Ndipo akagundua amesema nini, na mbele ya nani. Mama wa karanga alikuwa anaandika.

Mkataba ulifutwa. Duka likaja kulichukua kochi lake kwa gharama yake, na kampuni ikarudisha kila rejesho lililolipwa, kwa shingo upande lakini lote. Mama mkwe alinunuliwa godoro la kawaida, akalipiga ngumi pande zote kabla ya kukubali kulilalia.

Siku hizi anashinda saluni, anamshikia mkwewe nywele za kusukia na kuwasimulia wateja kisa hiki. Kila akisimulia anaongeza chumvi. Katika simulizi ya wiki iliyopita, muuzaji alikaa ndani ya kochi mpaka akaomba chai. Chokochoko husuka tu, wala hamsahihishi.